Alizeti chotara ukanda wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafuta na mashudu

Kila msimu unapokaribia, wakulima wa Misungwi, Magu, Kwimba, Sengerema na Ukerewe huuliza mambo yaleyale kuhusu alizeti chotara. Majibu haya yamelenga mkulima mwenye ekari chache na mifugo nyumbani kwake au kwa jirani. Yote yamejengwa juu ya jambo moja: huku kwetu alizeti ina mazao mawili, mafuta na mashudu (mabaki ya mbegu baada ya kukamua mafuta), na anayepiga hesabu ya mafuta peke yake huishia kusema zao hili halilipi.

Mbegu chotara ina tofauti gani na Record tuliyoizoea?

Record ni mbegu ya uchavushaji huria. Unavuna, unachagua vichwa vizuri, unapanda tena mwakani, nayo inabaki Record. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa na kutunzwa mbalimbali, kisha wakapandishwa. Kwa muda mrefu jambo hilo lilishindikana kwenye alizeti kwa sababu kichwa kimoja kina chavua yake na mayai yake. Mwaka 1969 mtafiti wa Ufaransa, Patrice Leclercq, alitangaza aina ya alizeti isiyotoa chavua inayofanya kazi. Hapo ndipo wazalishaji walipoweza kupanda mistari ya majike na mistari ya madume, wakawaachia nyuki kazi ya kupandisha.

Shambani utaona mimea inalingana kimo, inachanua kwa pamoja na kukomaa kwa pamoja. Mbegu za Record huwa na mafuta kama asilimia 30 hadi 35; chotara nzuri hufika asilimia 40 hadi 45. Kwa hapa nchini majina yanayosikika zaidi ni Hysun 33 na Aguara 4.

Naweza kuvuna mbegu za chotara nikapanda tena?

Usifanye hivyo. Watoto wa chotara hutawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, wengine hutoa maua yasiyo na chavua, na vichwa hukomaa kila kimoja kwa wakati wake. Mafuta nayo hupungua. Ukiwa umebanwa na fedha, nunua Record iliyothibitishwa. Ni afadhali mara nyingi kuliko kupanda mabaki ya chotara ya mwaka jana.

Nitajuaje kwamba mbegu niliyouziwa si feki?

Nunua kwenye duka linalokupa risiti, pakiti iwe imefungwa na haijatobolewa, na iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Soma tarehe. Mbegu ya kupimiwa kwa kikombe sokoni, hata ikiwa na rangi ya dawa, usiite chotara. Na ukishanunua mbegu iliyopakwa dawa, iweke mbali na watoto na kuku. Iliyobaki hailiwi wala haikamuliwi.

Kabla ya kupanda, chukua mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku tano hadi saba. Zikiota chini ya 80, rudi dukani na risiti yako.

Ekari moja inahitaji mbegu kiasi gani, na nafasi iweje?

Kilo mbili za chotara zinatosha. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kwa shimo. Hiyo ni karibu mimea 18,000 kwa ekari. Kina kisizidi sentimita tano. Wengi huweka mbegu mbili au tatu kwa shimo wakidhani wanajikinga na hasara, kisha wanaona uchungu kung'oa mche wa mbegu ya bei. Matokeo yake ni vichwa vidogo kama kiganja. Weka mbegu moja, na pale ambapo haikuota jazia ndani ya siku kumi tu. Mche uliojaziwa kwa kuchelewa hufunikwa na wenzake.

Udongo wangu ni luseni. Utafaa?

Utafaa ukiupa samadi. Luseni, yaani udongo wa kichanga, hupitisha maji haraka na chakula chake ni kidogo, lakini mzizi wa alizeti unaweza kushuka hadi mita mbili, kwa hiyo mmea hufuata unyevu ambao mahindi hayaufikii.  Mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, inazaa vizuri sana mradi maji yasisimame: alizeti huvumilia ukame, haivumilii kusimama kwenye maji, na siku chache za shamba kujaa zinatosha kuoza mizizi. Mwenye mbuga apande juu ya matuta. Ibambasi, ile ardhi yenye tabaka gumu chini, iachie malisho. Mzizi ukigonga tabaka hilo hugeuka na kwenda ubavu, na mmea huanguka kwa upepo wa kwanza kutoka ziwani.

Nipande mwezi gani?

Hili ndilo swali linaloamua msimu mzima, na jibu lake hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Usianze na siku mvua inapoanza. Anza na siku inapokwisha. Chotara nyingi huchanua kati ya siku ya 55 na ya 70, na hukomaa kati ya siku ya 95 na ya 115. Zinahitaji maji wakati wa kuchanua na kujaza mbegu, kisha zinataka jua na ukavu wakati wa kukomaa. Kichwa kilichokomaa kikapigwa na mvua mfululizo huoza mgongoni, na mbegu zake huota ukungu.

Mwanza ina mvua za vuli kuanzia Oktoba na masika kati ya Machi na Mei. Juni ni kavu. Kwa hiyo unataka alizeti ikomae mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Rudi nyuma siku 110 na unafika katikati ya Februari. Kwimba na Misungwi, ambako mvua hukata mapema, panda kuanzia katikati ya Januari. Sengerema na Ukerewe, ambako mvua huchelewa kuondoka, unaweza kusogea hadi mwisho wa Februari.

Anayepanda Novemba pamoja na mahindi anaiweka alizeti yake ikomae Machi, mvua inaporudi kwa nguvu. Mbegu hiyohiyo, mbolea hiyohiyo, lakini gunia likifika mashineni limejaa mbegu nyeusi zilizooza. Kuna faida nyingine ya kupanda Januari na Februari: kazi ya kupanda mahindi na pamba imeshapita, ng'ombe wa plau wanapatikana na vibarua pia.

Mbolea ipi, na kiasi gani?

Samadi ya zizini iliyooza vizuri, isambazwe kabla ya kulima. Hapa ng'ombe wapo, samadi ipo, na inasikitisha kuona inarundikana karibu na zizi wakati shamba lina njaa. Mbolea ya dukani: mfuko wa kilo 50 wa DAP wakati wa kupanda, na kilo 25 hadi 50 za CAN mimea ikifika magotini, baada ya palizi ya kwanza. Usizidishe naitrojeni. Ikizidi, mmea unarefuka na kuanguka, na mbegu inajaa protini badala ya mafuta. Kama umejiandikisha kwenye mfumo wa ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23, itumie namba yako kuchukulia mbolea hii pia. Wengi huitumia kwa mahindi tu.

Alizeti ina udhaifu mmoja ambao wengi hawaujui: inaumia haraka udongo ukikosa boroni, hasa kwenye luseni. Dalili ni kichwa kilichopinda au shina linalokatika shingoni kana kwamba limekatwa kwa kisu. Ukiyaona hayo mwaka huu, mwakani tafuta mbolea yenye boroni, na ufuate kipimo cha kwenye mfuko kwa makini kwa sababu boroni ikizidi ni sumu kwa mmea.

Naweza kupanda alizeti baada ya pamba?

Unaweza, lakini angalia funza wa vitumba. Ni yuleyule: akitoka kwenye pamba ya jirani huingia kwenye vichwa vya alizeti na kula mbegu zikiwa bado laini. Kagua vichwa mara mbili kwa wiki vinapoanza kufunguka. Mzunguko ninaoupendekeza kwa ukanda huu ni mahindi, kisha choroko au dengu, kisha alizeti, na shamba hilohilo lisirudie alizeti kabla ya misimu mitatu kupita. Alizeti inavuta virutubisho vingi, na magonjwa yake ya kuoza hukaa ardhini.

Palizi ngapi?

Mbili, zote ndani ya wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo majani yanafunika ardhi na magugu hayana nguvu. Ukichelewa palizi ya kwanza, hakuna mbolea itakayorudisha ulichopoteza.

Ndege wanamaliza kila kitu. Nifanye nini?

Dawa kubwa ni kupanda pamoja na majirani. Shamba moja la alizeti likikomaa peke yake kijijini linabeba ndege wa kijiji kizima. Mashamba ishirini yakikomaa wiki moja, hasara inagawanyika na kila mmoja anaumia kidogo. Hili ndilo jambo ambalo kikundi kinaweza kukubaliana bila kutoa hata shilingi. Epuka kupanda karibu na miti mikubwa au matete ya kando ya ziwa ambako ndege hulala. Chagua aina ambayo kichwa chake huinama kikikomaa, kwa kuwa ndege hukosa mahali pa kusimama. Kisha vuna mapema, usingoje mpaka kichwa kikauke kabisa kikiwa shambani.

Nyuki wana umuhimu gani? Nasikia chotara inajichavusha.

Chotara za siku hizi hujichavusha kwa sehemu, lakini vichwa vilivyotembelewa na nyuki hujaa mpaka katikati. Kichwa chenye mbegu pembeni na makapi katikati mara nyingi kilikosa nyuki, maji au boroni. Mizinga miwili au mitatu kwa ekari inasaidia sana, na asali ni yako. Kama ni lazima upige dawa ya wadudu wakati wa kuchanua, piga jioni jua linapozama, nyuki wakiwa wamerudi, na umjulishe mwenye mizinga mapema. Ukiweza, maliza kupiga kabla maua hayajafunguka.

Nitajuaje imekomaa, na nikaushe vipi?

Geuza kichwa uangalie mgongo. Ukiwa wa kijani, bado. Ukiwa wa njano, mbegu zimejaa. Ukianza kuwa kahawia, kata. Tandaza vichwa juu ya turubai au kichanja, uso ukiangalia juu, kisha piga kwa fimbo, pepeta, na uendelee kuanika mbegu mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Ikiwa huna kipimo, vunja mbegu kwa meno: iliyokauka hupasuka kwa mlio, yenye unyevu hupindika.

Usianike ardhini. Mchanga unakula mashine ya kukamua, na udongo wenye unyevu unaleta ukungu. Ukungu una hatari kubwa kuliko harufu mbaya: sumukuvu huingia kwenye mbegu za alizeti, na mbegu zikikamuliwa sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu. Ng'ombe akila mashudu hayo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Mbegu zilizoota ukungu usizichanganye na nzuri ili kujaza gunia.

Gunia moja linatoa lita ngapi za mafuta?

Kwanza tukubaliane gunia ni nini. Gunia la alizeti lililojazwa kawaida lina kilo 60 hadi 70. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni kitu kingine, na mkulima anayeuza kwa lumbesa anatoa mbegu bure. Pima kwa mizani, uza kwa kilo.

Chukua kilo 65 za chotara yenye mafuta asilimia 42. Ndani yake mna mafuta kama kilo 27, lakini mashine ndogo haiwezi kuyatoa yote; huacha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mashudu ikiwa ni mafuta. Unachopata ni kati ya lita 20 na 25, na mashudu kilo 40 hadi 45. Gunia la Record la uzito huohuo hutoa lita 14 hadi 17. Ukipata chini ya hapo, shika mashudu mkononi uyaminye. Yakiacha kiganja kikiwa na mafuta, mashine imechakaa au fundi hakuipasha moto vya kutosha, na mafuta yako yamebaki humo.

Mwenye mashine anasema atanikamulia bure nikimwachia mashudu. Nikubali?

Usikubali kabla ya kupiga hesabu. Uliza bei ya kilo ya mashudu kwa wafugaji wa Buhongwa, Kisesa au Usagara siku hiyohiyo, izidishe kwa kilo 40, kisha linganisha na gharama ya kukamua gunia moja kwa fedha taslimu. Mara nyingi utakuta kwamba hiyo "bure" ndiyo ghali. Jiji la Mwanza lina wafugaji wengi wa kuku na ng'ombe wa maziwa, na ziwani vizimba vya sato vinaongezeka. Wote hao wanahitaji protini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mzigo kutoka Sengerema unavuka bila kungoja kivuko. Mashudu yana soko hapa pwani ya ziwa kuliko hata huko Singida yanakotoka kwa wingi, kwa sababu huku ndiko mifugo iliko na samaki waliko.

Lipa fedha, ondoka na mashudu yako. Yaache yapoe kabisa kabla ya kuyafunga kwenye gunia. Yakifungwa ya moto hutoa jasho na kuvunda. Yatumie ndani ya miezi miwili hivi, maana mafuta yaliyobaki ndani yake huchacha.

Nimlishe ng'ombe wa maziwa kwa kiasi gani?

Mchanganyiko rahisi wa kilo 100: pumba za mahindi 67, mashudu ya alizeti 30, madini ya mifugo 2, chumvi 1. Mpe kilo moja ya mchanganyiko kwa kila lita mbili hadi tatu za maziwa anazotoa, juu ya majani yake ya kawaida. Anza kidogo na uongeze taratibu kwa wiki mbili ili tumbo lizoee.

Na kuku?

Hapa uwe mwangalifu. Mashudu ya mashine ndogo yana maganda mengi, na kuku hawezi kusaga nyuzinyuzi kama ng'ombe. Kwa kuku wa mayai usizidishe kilo 15 katika kila 100 za chakula. Kwa vifaranga, ni bora usiweke kabisa. Pia mashudu ya alizeti yana upungufu wa laisini, kirutubisho ambacho kuku hawezi kutaga vizuri bila hicho. Bahati nzuri kinachoziba pengo hilo tunacho mlangoni: dagaa. Kilo 8 hadi 10 za dagaa katika 100 zinatosha. Tia mkono kwenye dagaa kabla ya kununua. Mchanga ukibaki kiganjani, unalipia ufukwe.

Samaki wa vizimba je?

Sato hupokea mashudu vizuri kuliko kambare. Weka asilimia 10 hadi 15 ya chakula chote, yakiwa yamesagwa laini na kuchekechwa maganda, na mengine yawe soya, dagaa na pumba. Mashudu ya kumwagwa hivyohivyo ziwani huzama, huoza chini ya kizimba, na kula hewa ya samaki.

Mashudu ya pamba ni ya bei nafuu. Kwa nini nisitumie hayo?

Kwa ng'ombe mkubwa, tumia kwa kiasi. Lakini pamba ina gosipoli, sumu inayodhuru nguruwe, ndama na kuku, na inayobadilisha rangi ya kiini cha yai. Alizeti haina sumu hiyo. Kwenye nyumba yenye ng'ombe, kuku na nguruwe, gunia moja la alizeti linaingia kila banda.

Mafuta yangu yanabadilika harufu baada ya wiki chache. Tatizo ni nini?

Mwanga, joto, au maji. Baada ya kukamua acha mafuta yatulie siku mbili tatu, mashapo yakae chini, kisha chuja kwa kitambaa safi. Jaza chombo kikavu hadi juu na ukiweke gizani. Madumu yanayopangwa barabarani juani yanavutia macho ya abiria, lakini jua hilo ndilo linaloyachachisha. Ukitaka kuuza madukani utahitaji alama ya TBS, shirika la viwango. Ofisi ya SIDO Mwanza, shirika la viwanda vidogo, husaidia wajasiriamali wadogo kuhusu mashine na vifungashio.

Bei ikianguka kama mwaka 2023?

Mwaka ule aliyekuwa na mbegu tu hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu bei ya alizeti hufuata mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Aliyekuwa na mifugo alikamua kidogokidogo, akala mafuta na kulisha mashudu. Mbegu kavu hukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika kuliko mafuta, kwa hiyo hifadhi mbegu, ukamue kadiri unavyohitaji.

Vichwa vilivyopurwa na mabua nivichome?

Hapana. Vichwa ni chakula kizuri cha mbuzi na ng'ombe wakati wa kiangazi. Mabua ni kuni, au yakatwekatwe yarudi ardhini.

Mwisho, nilime ekari ngapi?

Anza na mifugo uliyonayo. Ng'ombe anayetoa lita nane kwa siku anakula kama kilo nne za mchanganyiko, na ndani yake mna mashudu kilo 1.2, kwa mwaka ni kilo 440 hivi. Ekari ya chotara iliyotunzwa kwa wastani ikikupa magunia manane, una mashudu kama kilo 340 na mafuta zaidi ya lita 160. Ng'ombe wawili, basi, wanataka ekari mbili na nusu. Familia inayotumia lita tano kwa mwezi inamaliza lita 60 kwa mwaka. Mafuta mengine yote ni ya kuuza, na ndiyo yanayolipa mbegu, mbolea na kukamua. Kama hujawahi kulima alizeti, msimu wa kwanza panda ekari moja, upime kilo ulizovuna, lita ulizokamua na mashudu uliyobeba, kisha uamue ya pili kwa namba zako.